Darasa la Kiingereza kwa Waholanzi pale Kilimani: Jumanne ni moto, Alhamisi ni baridi

Mholanzi akitua Nairobi, Kiingereza anacho tayari. Ndicho anachofanyia kazi Gigiri, ndicho anachopigia simu Naivasha kuulizia maua, na ndicho anachobishania bei na fundi wa paa. Kozi inayomwanzisha na majina ya rangi na siku za wiki inampotezea jioni zake. Anachohitaji ni kung'olewa makosa machache yaliyoota mizizi, na mengi ya hayo ni ya aina mbili: nyakati za vitenzi, na herufi zinazoandikwa lakini hazitamkwi. Darasa tunalolipitia hapa, la ghorofa ya pili hatua chache kutoka Barabara ya Ngong, limejengwa juu ya mambo hayo mawili tu. Kwa hilo linastahili pongezi kabla hatujaanza kulichambua.

Ni masomo 16 kwa wiki nane, Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa kumi na mbili unusu jioni, dakika 90 kila somo. Ada ni shilingi 28,000 kwa M-Pesa, kijitabu kikiwa ndani ya bei. Wanafunzi hawazidi wanane. Mwalimu ni Mkenya anayesoma Kiholanzi kwa shida kidogo lakini anakielewa. Jumanne ni ya nyakati, Alhamisi ni ya matamshi. Jumanne tunaipa alama nane kati ya kumi. Alhamisi tunaipa nne, na sababu yake kubwa ni huko kuzitenganisha siku hizo mbili.

Tuanze na kilicho kizuri. Kosa nambari moja la Mholanzi ni "I have seen him yesterday". Halitoki hewani. Kwa Kiholanzi cha mazungumzo sentensi ya kawaida kabisa ni "Ik heb hem gisteren gezien": kitenzi kisaidizi "heb" mapema, kitenzi kikuu mwishoni, na "gisteren", yaani jana, limekaa katikati bila kumsumbua mtu. Kiingereza hakikubali. Ukishataja wakati uliokwisha na kufungwa, iwe jana, mwaka 2019 au dakika tano zilizopita, "have" inaondoka na kubaki "I saw him yesterday".

Hapa mwalimu wa Nairobi ana mtaji ambao mwenzake wa Amsterdam hana. Kiswahili kina mpaka unaokaribiana sana na huo. "Nilimwona jana" inateleza. "Nimemwona jana" inakwaruza sikio. Mwalimu anachora mstari katikati ya ubao, -li- huku na -me- kule, kisha kila sentensi ya mwanafunzi inapitishwa kwanza kwenye Kiswahili cha dukani. Tafuta neno la wakati. Uliza: lini? Jibu likiwa ni tarehe au saa iliyopita, sentensi inaenda upande wa -li-. Kama hakuna jibu, au wakati bado uko wazi, au matokeo bado yanamsumbua msemaji, inaenda upande wa -me-. "I've lost my key" ni "nimepoteza ufunguo", na mtu bado yuko nje ya mlango. Akiulizwa wapi, anahama upande: "I lost it in a matatu." Zoezi zuri zaidi ni la "this morning". Ukisema saa nne asubuhi, "have" inaweza kusimama, kwa sababu asubuhi haijaisha. Ukisema saa kumi jioni, haisimami. Maneno ni yale yale, saa ndiyo inayoamua. Waholanzi wengi huwa hawajawahi kuambiwa hivyo, na kwa kuwa wengi wameshaokota Kiswahili cha sokoni, mlinganisho unawaingia haraka.

Kuna tahadhari moja ambayo kijitabu hakiitaji. -me- ina kazi ya pili. "Amelala", "amevaa koti", "amesimama mlangoni" husema hali iliyopo sasa hivi, na Kiingereza chake ni "he is asleep", "he is wearing a coat", "he is standing at the door". Mwanafunzi aliyemeza kanuni nzima bila mfupa huu hutoka na "he has slept" akimsema mtu anayekoroma chumba cha pili. Mistari mitatu kwenye ukurasa ingetosha kuliziba pengo hilo.

Kosa la pili ni kinyume chake. "Ik woon hier al vijf jaar" iko katika wakati uliopo, kwa hiyo Mholanzi anasema "I live here already five years" au "I live here since five years". Panatakiwa "I have lived here for five years". Hapa wanatumia jedwali la safu mbili, "for" kwa urefu wa muda na "since" kwa pale muda ulipoanzia, na kadi 20 za kupanga: wiki tatu, Machi, 2020, muda mrefu, tangu nifike. Kadi zinafanya kazi. Linalowakwamisha wengi si "for" na "since". Ni kulitupa lile "already", ambalo ni "al" ya Kiholanzi iliyovuka mpaka bila pasipoti.

La tatu ni "I call you tomorrow", kutokana na "Ik bel je morgen". Kiholanzi hutumia wakati uliopo kwa ahadi ya kesho. Mwalimu anaonyesha kwamba Kiswahili hakina mzaha hapa, "nitakupigia" ina -ta- yake, na "I'll call you" ina "'ll" yake. Dakika kumi, limekwisha. Hata tano zingetosha.

Kwenye "What are you doing?" dhidi ya "What do you do?" mlinganisho wa Kiswahili unaanza kuchechemea, na mwalimu, kwa sifa yake, anakubali. -na- yetu hubeba yote mawili: "anafanya kazi benki" inaweza kuwa kazi yake ya kila siku au anachofanya sasa hivi. Tuna hu- ya mazoea, lakini Nairobi ni wangapi bado wanaitumia kwa mdomo? Hapa mtaani ni "naendaga", si "huenda". Basi anaegemea Kiholanzi chenyewe: kama ungeweza kusema "ik ben aan het koken", tumia "I am cooking". Ni kigezo kizuri kwa vitenzi vya kutenda. Ila Kiholanzi hakilazimishi "aan het". Mtu anaweza kusema "ik kook" huku mwiko uko mkononi. Kwa hiyo swali sahihi ni kama ungeweza kuitumia, si kama kwa kawaida unaitumia. Darasani swali hili huulizwa vibaya na majibu yanakuja vibaya.

Na kuna mahali ambapo mwalimu na mwanafunzi wanatumbukia shimo moja: masharti. Mholanzi husema "Als ik geld zou hebben, zou ik een huis kopen", "zou" mara mbili. Mswahili husema "ningekuwa na pesa, ningenunua nyumba", -nge- mara mbili. Kiingereza kinataka "would" mara moja tu, upande usio na "if": "If I had money, I would buy a house." Lugha zote mbili zilizomo chumbani zinamvuta mtu kwenye "If I would have money", na Jumanne ya wiki ya sita sentensi hiyo inapita bila kusahihishwa mara kadhaa. Dawa ni ya kimashine: andika "if", chora duara kulizunguka pamoja na kila kitu hadi kwenye mkato, kisha hakikisha ndani ya duara hakuna "would".

Sasa Alhamisi. Kijitabu kinazipanga herufi bubu kwa alfabeti, B kwanza, W mwisho. Mpango huo ungemfaa mtu asiye na lugha nyingine kichwani. Mholanzi hajikwai sawasawa kwenye kila herufi. Anajikwaa pale ambapo neno la Kiingereza lina ndugu wa Kiholanzi na ndugu huyo bado anaitamka herufi. Yeye husema "knie" kwa K iliyo wazi, kwa hiyo "knee" inamponyoka kama k-nii. Vivyo hivyo "knuckle" kutoka "knokkel". "Wrak" na "wringen" zina W ya kusikika, ndiyo maana "wreck" na "wring" zinatoka na kiputo cha v mbele. "Half", "kalf" na "zalm" zina L, basi "half", "calf" na "salmon" zinaipata. "Zwaard" ina W, na "antwoord" pia, ingawa undugu wake na "answer" ni wa nusu tu. "Sword" na "answer" hazina. "Kasteel" ina T; "castle" haina. "Psychologie" ina P kamili. Ukiwa na wasemaji wa Kiholanzi, hiyo ndiyo orodha, na inatosha masomo matatu.

Kwenye B mambo yanageuka. Kiholanzi ni "lam", "kam", "duim", hakuna B, na mwanafunzi akiongea tu hasemi B kwenye "lamb", "comb" wala "thumb". Anaisema akisoma kwa sauti. "Debt" na "doubt" ni jambo jingine tena: hazina ndugu wa Kiholanzi wanaofanana nazo, na B yenyewe ilipachikwa na wasomi waliotaka maneno yafanane na "debitum" na "dubitare" za Kilatini. Kijitabu kinayatia yote kapu moja ukurasa mmoja. Maneno yanayokosewa mdomoni na yanayokosewa machoni hayafundishwi kwa njia moja. Ya mdomoni yanataka kurudiwarudiwa kwa sikio, kitabu kikiwa kimefungwa. Ya machoni yanataka kusomwa kwa sauti na penseli mkononi, ukiikata herufi kabla hujafungua kinywa.

Tuseme pia kwamba Mkenya si mwamuzi asiye na doa kwenye B. Tumelelewa na tahajia inayotamka kila kilichoandikwa, na "plumber" yenye B inasikika kila siku kutoka Kariobangi hadi Karen. Mwalimu wa hapa naye inamtoka. Ajabu ni kwamba maneno tuliyoyapokea kwa sikio yana usahihi kuliko tunavyosoma: "kabati" haina P ya "cupboard", na "risiti" haina P ya "receipt". Hiyo "receipt" ni mtego wa pekee kwa Mholanzi, kwa sababu "recept" ya kwao ni karatasi ya daktari au maelezo ya mapishi, tena P inatamkwa. Mfano wa risiti ungemaliza somo kwa dakika moja, nao haumo kitabuni.

Kimoja kinachokosekana kingewafurahisha wanafunzi hawa. William Caxton, aliyeleta mtambo wa uchapaji Westminster mwaka 1476, alikuwa ameishi miaka mingi Bruges, mji wa Flandria, na ile H ya "ghost" inahusishwa na mazoea ya tahajia ya huko, "gheest". Yaani herufi bubu mojawapo ya Kiingereza ina jasho la wasemaji wa Kiholanzi ndani yake.

Lakini upungufu mkubwa si orodha. Ni kwamba herufi bubu nyingi anazokutana nazo mtu mzima kila siku zimo ndani ya nyakati zenyewe. Ukiigawa kozi Jumanne na Alhamisi, kiungo hicho kinaanguka katikati, Jumatano, na hakuna anayekiokota.

Chukua -ed. Ile E, mara nyingi, ni bubu. "Walked" ni silabi moja: "wookt". L bubu, E bubu, na D imegeuka T. Kanuni ina matawi matatu. Shina likiishia sauti sighuna, yaani isiyotetemesha koo, kama p, k, f, s, sh au ch, -ed inasikika t: "stopped", "washed", "watched". Likiishia sauti ghuna, yaani inayotetemesha koo, au irabu, inasikika d: "lived", "played", "robbed". Likiishia t au d ndipo inapozaliwa silabi nzima: "wanted", "needed". Mholanzi anaijua nusu ya kanuni hii tangu shule ya msingi, kwa sababu kwao kuna neno la kukumbukia, "'t kofschip": shina likiishia konsonanti mojawapo ya neno hilo linachukua -te, la sivyo -de. "Werken" inakuwa "werkte", "leven" inakuwa "leefde". "Work" na "live" zinafuata mkondo ule ule, t na d. Ni daraja lililokwisha jengwa, na darasa halilivuki. Ukurasa wa -ed uko Jumanne ya wiki ya pili kama suala la tahajia tu, lini uongeze konsonanti, lini Y igeuke I.

Tena daraja hilo lina ubao uliooza, ambao ndio hasa unaohitaji mwalimu. Kiholanzi huua ughuna mwishoni mwa neno: "hond" huandikwa kwa D na kutamkwa "hont". "Leefde" inaiokoa d yake kwa sababu kuna irabu nyuma yake. "Lived" haina irabu nyuma, basi d inakufa, na v inakufa nayo, na "lived" inakuwa "lift". "Robbed" inakuwa "ropt". "Played" inasikika kama "plate" isiyo na nguvu. Mwanafunzi anaijua kanuni, kitabu chake kina alama ya vema, na bado sikio la msikilizaji linapata neno jingine.

Zoezi lake ni rahisi na linahitaji vitenzi 24 kwenye vikaratasi, vinane kwa kila tawi. Hatua ya kwanza, vidole viwili kooni: sema "lov" na uivute ile v, koo likitetemeka, kikaratasi kinaenda rundo la d. Ya pili, usimwache mwanafunzi amalizie na kitenzi. Mpe neno linaloanza na irabu: "lived in", "robbed us", "played it". Kata silabi upya: liv-din, rob-das, plei-dit. D ikishapata irabu ya kuegemea, mdomo wa Kiholanzi unaitoa bila kusukumwa. Ya tatu, punguza irabu hiyo kidogo kidogo mpaka ibaki d peke yake, na irabu ya kabla yake irefushwe, kwa sababu sikio la Mwingereza husikiliza urefu huo kuliko d yenyewe. Dakika 25 kwa siku nne zinaonyesha tofauti. Ukiruka hatua ya pili, hatua ya tatu haitafika.

Kisha kuna vitenzi vya -ght. "Brought", "thought", "sought", "fought", "bought", "caught", "taught": saba, vyote nyakati zilizopita, vyote GH bubu. Ndugu zao ni "bracht", "dacht", "zocht", "vocht", na "kocht" inajiunga kwa kufanana tu. Zote za Kiholanzi zina ile kh ya "subalkheri" anavyoitamka mzee wa Lamu. Akiharakisha, Mholanzi anaipenyeza kidogo: "brokht". Vitenzi hivi vifundishwe kama wimbo mmoja, irabu ndefu moja na t mwishoni, na siku ile ile inapofundishwa -li-. Hapa "caught" imo kwenye jedwali la Jumanne la vitenzi visivyofuata kanuni, na "night" imo kwenye orodha ya G ya Alhamisi, majuma manne baadaye, bila yeyote kuzitambulisha.

"Would", "should" na "could" nazo: L tatu bubu katikati ya somo la masharti. Ya "could" haikuwa na asili hata kidogo. Iliwekwa ili ifanane na wenzake. "Zou" ya Kiholanzi iliitupa L yake hata kwenye maandishi, kwa hiyo kumwambia mwanafunzi atamke "should" kama "zou" yenye sh mbele na d nyuma kunamfikisha karibu zaidi kuliko kumwambia asahau L.

Mengine kwa ufupi. Chumba kina madirisha ya barabarani, na saa moja jioni honi za Ngong Road zinameza kila t na d, jambo baya kwa somo la t na d. Keti upande wa ukuta. Rekodi zinatumwa WhatsApp, ni safi, lakini ni za kusikiliza tu; hakuna anayekutaka urudishe sauti yako, kwa hiyo irekodi mwenyewe kwa simu na uilinganishe. Kijitabu kina nafasi ya kutosha pembeni kuandika, na karatasi yake haivuji wino.

Wanaruhusu kulipia Jumanne peke yake, shilingi 15,000, ingawa kwenye bango la mlangoni bei hiyo haipo, inabidi uulize. Kabla ya kulipa chochote, omba somo la majaribio, nao hawakatai, kisha mwombe mwalimu aandike "laughed" ubaoni na aeleze kila herufi. Herufi saba, sauti nne: GH imekuwa f, U na E zimenyamaza, D imekuwa t. Mwalimu wa kikundi cha jioni anaieleza vizuri sana akiulizwa.

Amana ya 5,000 hairudishwi.